KICHWA CHA UPANDE HUTOA HABARI YA MACHO

Wahenga walisema ya kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika nyumba na shule za Meru na Embu iko dalili moja ambayo watu huiona kila siku wasiitambue maana yake. Ni mtoto ambaye kila atazamapo kitu kwa makini hulaza kichwa upande mmoja, au hugeuza uso, au huinua kidevu kama mtu anayechungulia juu ya ua.

Mama yake husema ni mazoea tu, naye ataacha akikua. Nyanya yake husema alilala vibaya. Wenzake humcheka na kumpa jina la utani. Mwalimu asiyejua habari hudhani ni kiburi au uvivu, humwamuru akae sawa. Mtoto hutii kwa kitambo kidogo, kisha kichwa hurudi pale pale kilipokuwa. Basi wote hushughulika na shingo yake, pengine hata kumkanda kwa mafuta kila jioni, wala hapana mmoja aulizaye habari za macho yake.

Lakini mara nyingi mtoto huyo hana kosa wala ukaidi. Amegundua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ya kwamba kichwa kikikaa hivyo huona vizuri zaidi. Si kichwa kilichoharibu macho. Macho ndiyo yaliyokipindisha kichwa. Tena iko sababu kubwa ya kutokawia, kwa kuwa macho ya mtoto husaidiwa kwa urahisi katika miaka ya kwanza ya maisha yake, na baada ya hapo mlango huanza kufungwa.

MACHO MAWILI KATIKA NIRA MOJA

Kila jicho la mwanadamu huvutwa na misuli sita midogo, nayo hupata amri zake kutoka kwenye ubongo kwa njia ya neva tatu. Kazi ya misuli hiyo ni kuyafanya macho yote mawili yatazame mahali pamoja kwa wakati mmoja, ili ubongo upate picha mbili zilizo karibu sawa na kuziunganisha ziwe moja.

Mkulima wa Mbeere alimaye kwa ng'ombe atalielewa jambo hili upesi. Ng'ombe wawili waliofungwa nira moja wakienda sawa, mfuo hunyooka. Mmoja akiwa dhaifu, au akivuta juu kuliko mwenziwe, nira huenda upande, na mwenye jembe hulazimika kuegemea upande ule ili mfuo usipinde. Ndivyo yalivyo macho. Msuli mmoja ukiwa dhaifu, macho mawili hayaelekei mahali pamoja, na mtu huona vitu viwili viwili. Ili kuondoa taabu hiyo, hukiegemeza kichwa mpaka picha mbili zikutane tena. Kichwa kimefanya kazi ambayo msuli wa jicho umeshindwa kuifanya.

Jambo hili si geni duniani. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa zamani, aliandika kwamba mfalme Alexander alikuwa na shingo iliyoinama kidogo upande wa kushoto, na baadhi ya madaktari wa siku hizi wamefikiri ya kuwa huenda sababu yake ilikuwa jicho. Mwaka 1873 daktari mmoja Mfaransa, jina lake Cuignet, alieleza kwa maandishi ya kitaalamu habari za shingo inayopinda kwa ajili ya macho. Tangu hapo waganga wamejifunza kuusoma mwelekeo wa kichwa kama msomaji asomavyo barua.

NAMNA KICHWA KINAVYOSEMA

Kila kasoro ya jicho ina desturi yake. Msuli fulani wa jicho la kulia, ambao kazi yake ni kulishusha jicho na kulizungusha, ukiwa dhaifu, jicho hilo hupanda juu, na mtoto hulaza kichwa kwenye bega la kushoto. Msuli wa nje wa jicho la kulia ukishindwa kulivuta jicho kuelekea sikioni, mtoto hugeuza uso wake kulia, ili jicho lisihitaji kwenda huko. Upande wa kushoto mambo huwa kinyume chake.

Mtoto ambaye kope la juu limelegea na kuifunika mboni huinua kidevu na kupandisha nyusi, apate kuona chini ya kope hilo. Watu humwona kama anayewadharau wakubwa, kumbe anatafuta mwanga. Mtoto mwenye jicho moja tu linaloona huweza kugeuza uso kuelekea upande wa jicho bovu, ili jicho zima liwe katikati. Na mtoto ambaye kioo cha mbele cha jicho lake hakikuviringika sawasawa, mistari ikawa ukungu, huweza kukipinda kichwa na kuyafinya macho ili herufi zipate kusimama. Huyo pengine ahitaji miwani tu.

Wako pia watoto ambao macho yao hutikisika bila kutulia, huku na huku. Hali hii huonekana sana kwa watoto wenye ualbino. Watoto wengi wa namna hii wana upande mmoja ambako macho yakitazama hutulia kidogo, na hapo huona vizuri kuliko mahali pengine. Basi hugeuza uso ili macho yafike kwenye upande huo wa utulivu. Kumlazimisha mtoto huyo atazame mbele kwa kichwa kilichonyooka ni kumnyang'anya mwono wake ulio bora.

SI KILA SHINGO ILIYOPINDA

Haifai kudhani kwamba kila kichwa cha upande kimetokana na macho. Watoto wengine huzaliwa na msuli wa shingo uliokaza upande mmoja. Kichwa cha mtoto huyo huinama kuelekea msuli uliokaza, na kidevu huelekea upande wa pili. Pengine katika majuma ya kwanza mama hugusa kivimbe ndani ya msuli huo. Hapo dawa ni mazoezi ya kuunyosha, ambayo mama hufundishwa hospitalini, na mtoto akianza mapema, kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wengi hupona bila kupasuliwa. Watoto wengine huinamisha kichwa kwa sababu sikio moja halisikii vizuri.

Iko njia ya kupambanua ambayo hata mzazi aweza kuijaribu. Shingo iliyokaza hubaki imekaza hata mtoto akiwa amelala usingizi. Lakini kichwa kilichopindishwa na macho mara nyingi hulegea na kugeuka kwa urahisi usingizini, kwa kuwa macho yakifungwa hapana tena sababu ya kukipinda. Kadhalika, mtoto akizibwa jicho moja, kichwa huweza kunyooka chenyewe, maana picha ya pili iliyomsumbua imeondoka. Jambo hili likionekana ni ishara kubwa kwamba macho ndiyo yenye habari. Lakini lisipoonekana, haina maana kwamba macho ni mazima, na kazi ya kuamua ni ya mganga.

Kubebwa mgongoni hakumpi mtoto udhaifu wa misuli ya macho, wala mama hapaswi kujilaumu kwa mizigo ya kuni aliyoibeba kwa ukanda wa kichwani alipokuwa mjamzito. Wala hayo si matokeo ya jicho la husuda. Ni kasoro ya mwili kama nyingine, nayo hutazamwa kwa vyombo na kupimwa.

HATARI YA KUNGOJA

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mtoto huona vizuri kwa kuinamisha kichwa, mbona asiachwe hivyo?

Sababu ya kwanza ni mwili wake. Kichwa kikikaa upande kwa miaka mingi, misuli ya shingo hufupika upande mmoja, na uso wenyewe huweza kukua bila usawa, shavu moja likawa dogo kuliko jingine. Baadaye huja maumivu ya shingo ambayo mtu hajui chanzo chake.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kama ulimi unavyojifunza kusema. Jicho moja likipeleka picha mbaya, au picha isiyopatana na ya mwenziwe, ubongo hulipuuza na kutumia jicho jingine peke yake. Jicho lililopuuzwa laweza kuonekana zima kwa nje, lakini halijifunzi kuona. Madaktari huliita jicho vivu. Mtoto akitibiwa kabla ya kufika miaka saba au minane, jicho hilo aghalabu huamshwa. Akiletwa akiwa kijana mkubwa, matibabu huwa magumu, na pengine mwono haurudi, hata akinunuliwa miwani ya thamani kubwa. Kwa hiyo mzazi asemaye, "Tungoje akue," bila kujua anangoja mpaka wakati wa dawa upite. Samaki mkunje angali mbichi.

Wengi wa nchi hii wanaijua shule ya vipofu ya St. Lucy's huko Egoji, katika Meru, na sifa yake ni njema. Lakini mtoto mwenye kichwa cha upande kwa kawaida si kipofu. Akisaidiwa kwa wakati, aghalabu atasoma katika shule ya kijijini kwake pamoja na ndugu zake.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Yako mambo mengine yasiyongoja hata juma moja. Mtoto au mtu mzima ambaye kichwa chake kilikuwa sawa, kisha kikaanza ghafula kwenda upande, hana budi kupelekwa hospitali mara moja. Hasa akiumwa kichwa, akitapika asubuhi, akienda kwa kuyumba, au akisema anaona vitu viwili. Huenda liko jambo ndani ya kichwa linaloibana neva ya jicho. Hali kadhalika kwa mtu aliyeanguka pikipiki au kupigwa kichwani, kisha akaanza kuinamisha kichwa na kulalamika kwamba barabara imekuwa mbili.

Shingo iliyokaza pamoja na homa kali ni jambo la hatari, maana yaweza kuwa ugonjwa wa utando wa ubongo. Na mboni ya jicho la mtoto mchanga ikionekana nyeupe, hasa katika picha iliyopigwa kwa taa ya kamera, mzazi asingoje kesho, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo ikigunduliwa mapema huponyeka.

KAZI YA MZAZI NA YA MWALIMU

Mzazi na atazame kwa utulivu, asimkemee mtoto. Na aangalie picha za zamani zilizo katika simu au ukutani, ajue kichwa kilianza lini kwenda upande. Na aangalie kama mtoto hufanya hivyo siku zote, au atazamapo mbali tu, au asomapo tu. Na kama jicho moja huenda pembeni au kuelekea puani akichoka. Katika miezi mitatu au minne ya kwanza macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga. Baada ya hapo makengeza hayafai kupuuzwa. Habari hizi, zikiandikwa kwenye karatasi na kupewa mganga, zitamsaidia sana.

Mwalimu naye ana nafasi ambayo mganga hana, kwa kuwa humwona mtoto kila siku akitazama ubao. Akimwona mtoto wa kichwa cha upande, na awaite wazazi wake awaeleze kwa upole. Wakati wa kungoja matibabu, na amketishe mahali panapomfaa. Mtoto ambaye macho yake hutulia akitazama kushoto na akae upande wa kulia wa darasa, ili ubao uwe kushoto kwake. Na yule atulizaye macho kwa kutazama kulia na akae upande wa kushoto. Mtoto mwenye ualbino na akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha umpigao machoni, aruhusiwe kulisogeza daftari karibu na kuvaa kofia.

Lakini kugundua peke yake hakutoshi. Mfano mzuri ulitoka magharibi ya Kenya, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Katika uchunguzi uliofanywa katika shule 50, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, walimu walipima macho ya wanafunzi. Katika shule nyingine walimu walitumia simu, wazazi wakaonyeshwa namna mtoto wao anavyouona ubao na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule nyingine mtoto alipewa barua tu. Katika kila watoto 100 walioonekana na kasoro, 54 wa kundi la kwanza walifika hospitali, na wa kundi la barua walifika 22 tu. Hapo yaonekana wazi kwamba mzazi aelewaye taabu ya mtoto wake hupata nauli, na asiyeelewa huiweka barua juu ya kabati.

JE, KUKAA VIBAYA HUHARIBU MACHO?

Swali hili huulizwa sana. Kuinamisha kichwa hakuleti makengeza wala hakudhoofishi misuli ya jicho. Kusoma kwa mwanga hafifu wa koroboi huchosha macho, lakini hakuyapofushi. Hata hivyo, mtoto ashindaye ndani ya nyumba, ameinamia kitabu au simu karibu na pua kwa saa nyingi, yumo katika hatari zaidi ya kupata macho yasiyoona mbali. Utafiti wa sehemu nyingi za dunia umeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje mchana kwa muda wa saa mbili hivi kila siku hupata kasoro hiyo kwa uchache zaidi. Mtoto achungaye mbuzi jioni baada ya masomo hakupotezewa wakati wake.

Wazee pia wana habari yao. Mtu akipita miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kusoma karibu, naye hupewa miwani, pengine yenye sehemu mbili, ya juu ya kutazama mbali na ya chini ya kusomea. Mzee huyo huinua kidevu ili asome, na shingo humuuma; dawa yake ni kukishusha kitabu chini, si kukipandisha kichwa juu. Na ateremkapo mteremko wa mashamba ya chai na kahawa, sehemu ya chini ya miwani huifanya ardhi kuwa ukungu miguuni pake. Yampasa ashushe kidevu, atazame njia kwa sehemu ya juu, asije akajikwaa.

MATIBABU

Mahali pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu au kitengo cha macho cha hospitali kubwa ya Meru au ya Embu. Humo wamo watumishi waliosomea kazi ya macho. Mtoto atapimwa mwono wa kila jicho peke yake, na misuli, na mboni. Pengine atatiwa matone ya dawa ambayo hupanua mboni na kuufanya mwanga wa jua umsumbue kwa muda, wala hiyo si hatari. Ikihitajika kazi ya mtaalamu zaidi, atapelekwa mbele, kama vile kwenye hospitali ya Kikuyu, ambayo kitengo chake cha macho kilianzishwa mwaka 1975.

Wengine hupewa miwani, na kichwa kikanyooka siku zile zile. Wengine huzibwa jicho zima kwa saa kadha kila siku, ili jicho vivu lilazimike kufanya kazi; mtoto atalia na kuing'oa plasta, na hapo uvumilivu wa mama ndio dawa yenyewe. Wengine hupasuliwa misuli ya jicho. Mwaka 1953 madaktari wawili, Anderson huko Australia na Kestenbaum huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza namna ya kuihamisha misuli hiyo ili upande wa utulivu wa macho yanayotikisika uje katikati, na kichwa kisihitaji tena kugeuka. Watu huogopa kwa kusikia kwamba jicho hutolewa nje likawekwa juu ya meza kisha likarudishwa. Habari hiyo si kweli. Jicho hubaki mahali pake. Msuli tu ndio unaolegezwa au kukazwa, na mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, asisikie maumivu.

Basi mtoto akiinamisha kichwa, asipigwe wala asichekwe, na shingo yake isivutwe kwa nguvu. Anaeleza taabu yake kwa njia pekee aijuayo. Na wazazi wamsikilize, wamfikishe kwa mganga wa macho kabla hajatimiza miaka minane, ili atakapokuwa mtu mzima ainue uso wake sawa na wenzake na kuuona Mlima Kenya kwa macho yote mawili.